Aliyejifunza Kuogelea Kwenye Tangi la Dobi

Povu alijifunza kuogelea ndani ya tangi la kusuuzia mashuka, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Jina la Povu alipewa na shangazi yake. Mama yake alipofariki, mtoto alikuwa bado hajaanza kung'oa meno ya utoto, na shangazi akamchukua yeye na godoro lake, akawaleta wote wawili kwenye ua wa nyuma alikokuwa akifulia nguo za watu. Shangazi hakuwa na mtoto wala muda wa mtoto. Alikuwa na mashuka ya hoteli, taulo za bwawa la kuogelea, na mgongo uliomuuma tangu kabla hajaolewa. Alimtazama yule mtoto kuanzia juu hadi chini, akamuuliza swali moja tu.

"Unaogopa maji?"

"Siogopi."

"Basi vua viatu."

Mtoto hakuwa na viatu. Akatumbukizwa vivyo hivyo.

Madobi wengine walisuuza kwa kukoroga na mti mrefu. Shangazi hakutaka hata kuusikia mti huo. Aliamini kwamba sabuni haitoki kwenye shuka ila kwa kukanyagwa, na aliamini hivyo kwa nguvu zile zile ambazo watu wengine huamini mambo ya dini. Tatizo ni kwamba tangi lenyewe, la saruji, lilimfika mtu mzima kifuani. Povu hakuweza kusimama humo. Kwa hiyo alishika ukingo kwa mkono mmoja, akawa anakanyaga mashuka yaliyokuwa yakielea chini yake kama mawingu. Siku alipouachia ukingo akajikuta hazami, hakuna aliyempigia makofi.

"Vizuri," alisema shangazi. "Sasa huo mkono uliobaki bure uutumie kukamata soksi."

Mji wao ulikuwa umegawanywa na reli. Upande wa Juu walikaa weupe, Upande wa Chini walikaa weusi, na kila asubuhi nusu ya Upande wa Chini ilivuka reli kwenda kupika, kufagia, kulima bustani na kubembeleza watoto wa Upande wa Juu, halafu jioni ikarudishwa kwao kabla haijaambukiza mtu. Bwawa la kuogelea lilikuwa juu, limezungushiwa ua wa michongoma, na langoni palikuwa na bango lenye maneno mawili: WEUPE TU.

Povu alikuwa akipeleka taulo safi kila wiki. Alizipitisha kwenye kidirisha cha nyuma, akapokea chafu, akaambiwa asikae hapo. Akakaa hapo. Michongoma ilikatwa usawa wa macho yake akisimama kwa vidole, kwa hiyo alichokiona ni vichwa na mikono tu, hasa ya mke wa hakimu: mikono mirefu, inayopanda taratibu na kushuka bila kurusha maji, kama watu wanaojifunika shuka. Miguu hakuiona hata siku moja. Akirudi nyumbani alijaribu tangini yale aliyoyaona, na yale ambayo hakuyaona akayajaza mwenyewe. Matokeo yake, kiunoni kwenda juu aliogelea kama mke wa hakimu, na kiunoni kwenda chini aliendelea kukanyaga mashuka.

Jambo lingine ni kwamba tangi lilikuwa fupi. Ukipiga mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, unafika ukutani. Unageuka. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukuta. Aliogelea hivyo miaka yote ya kukua kwake, nguo zikishaanikwa, mpaka mwili ukawa unageuka wenyewe bila kuuliza.

"Taulo zetu zinawagusa kila mahali," shangazi alikuwa akisema huku akikamua. "Mgongoni, kwapani, hadi sehemu ambazo waume zao hawazifahamu. Ila sisi wenyewe tukifika langoni, eti tutachafua maji."

Povu alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, anapiga pasi za mvuke na kujibishana na wateja, serikali ilipobadilika na sheria ikabadilika nayo. Bango likang'olewa. Lilibakiza mstatili mweupe ukutani na matundu manne ya misumari, na watu waliopita hapo waliendelea kuusoma ule mstatili kwa muda mrefu.

Kamati ya bwawa ilikaa, ikatangaza kwamba bwawa sasa ni la wote. Ila. Watoto wa Upande wa Chini hawajui kuogelea, na kamati haiwezi kulala usingizi ikiwaza usalama wao. Mwokoaji aliyepo ana kazi ya kutosha ya kuwaangalia watoto wa Upande wa Juu, na si haki kumtwisha mzigo mwingine. Kwa hiyo Upande wa Chini ulete mwokoaji wake, apimwe, na akifaulu watoto waingie. Asipopatikana kabla ya msimu wa joto kuanza, basi, kwa masikitiko makubwa, watoto watasubiri mwaka mwingine.

Ilikuwa hoja nzuri sana. Ukiitazama haraka haraka ungeweza kudhani ni huruma.

Habari hizo zilijadiliwa kwa Kinyozi, kama habari zote. Kinyozi alikuwa mtu mwema, mtanashati, asiyevua tai hata akila, na tatizo lake pekee lilikuwa kwamba akianza kusema hakujua pa kuegesha.

"Mimi ujanani nilivuka mto," alisema, mkasi juu. "Mto mpana huo! Ukisimama ng'ambo hii humwoni mtu aliye ng'ambo ile."

"Basi nani alikuona ukifika?" aliuliza shangazi, aliyekuwa ameleta taulo za Kinyozi.

"Dada yangu, wewe unapenda kunikata maneno."

"Nakuuliza tu, baba. Kama ulivuka mto, nenda kapimwe wewe."

"Ningekwenda. Goti hili." Akaligusa goti, kisha akakumbuka, akaligusa lile lingine.

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alipopitisha macho chumbani hakuona mtu anayejua kuogelea. Wangejulia wapi? Nje ya mlango watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakisikiliza, wale wale ambao Povu aliwakuta kila wiki kwenye michongoma, wamesimama kwa vidole mahali pale pale alipozoea kusimama yeye. Alijua mwaka mwingine una maana gani. Yeye aliahidiwa mwaka mwingine mpaka akaota chunusi.

"Nitakwenda mimi," alisema.

Shangazi akamgeukia kama mtu aliyesikia pasi ikiunguza shati. "Utakwenda wapi?"

"Kupimwa."

"Na mashuka?"

"Shangazi, mashuka yatasubiri."

"Mashuka hayajawahi kumsubiri mtu." Lakini walipofika nyumbani akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, watakucheka. Mimi nimezoea kuchekwa, ngozi yangu ngumu. Wewe nilikutia majini ili usichekwe na mtu."

"Wacheke tu. Nikishatoka majini, watoto wanaingia."

 Kesho yake Povu alimkuta shangazi akifumua mwavuli mkubwa mweusi, mzuri kabisa, kwa wembe.

"Unafanya nini, shangazi?"

"Nakushonea nguo ya kuogelea. Umeshaona mwavuli ukilowa ndani?"

Vazi likashonwa, likakaa vizuri isipokuwa nyuma, ambako kishikizo cha kufungia mwavuli kilibaki, kwa sababu shangazi aliona ni kizuri.

Siku ya kupimwa, Upande wa Juu ulikaa kwenye viti vya turubai kule kwenye kina kirefu, na Upande wa Chini ulisimama kule kwenye kina kifupi, kila mtu amevaa kama anakwenda harusini. Mama Mwenyekiti wa kamati alivaa kofia pana yenye maua ya kitambaa. Mwokoaji wa bwawa, ambaye kila mtu pande zote mbili alimwita Filimbi kwa sababu hakuivua shingoni hata akilala, alikuwa mzungu mwembamba aliyeungua na jua mpaka akawa rangi ya tofali. Hakuwa mtu wa maneno. Alizipenda kanuni za bwawa kama wengine wanavyopenda mbwa wao.

"Unavuka mpaka kule, unarudi," alimwambia Povu. "Usiguse ukingo, usiguse chini, usishike kamba. Ukigusa, umeanguka. Halafu utamwokoa mtu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Alilitazama vazi, akaona kile kishikizo, akaonyesha maji kwa kidole.

Povu akasogea ukingoni. Kilichomshtua kwanza ni kwamba maji yalikuwa na chini. Tangini hakuwahi kuona chini kwa ajili ya povu la sabuni, na hapa kila kigae kilikuwa kikimwangalia. Akapiga moyo konde, akaingia.

Mkono wa kwanza ulipanda taratibu ukashuka bila kurusha tone. Viti vya turubai vikalia. Watu walikuwa wameinama mbele kutazama vizuri. Mkono wa pili ulikuwa bora zaidi. Nyuma yake miguu ilikuwa ikifanya kishindo cha mashine, lakini mikono, mikono ilikuwa ya mke wa hakimu. Mkono wa tatu.

Akageuka.

Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na maji matupu mbele na nyuma, na Povu alikuwa akielekea alikotoka, akiangaliana na uso wa shangazi uliokuwa umepigwa na butwaa. Akajua alichokifanya. Akageuka tena upesi, akapiga mkono mmoja, miwili, mitatu, na mwili ukageuka wenyewe.

Kicheko kilianzia kwenye viti vya turubai. Kikazunguka bwawa, kikafika kule kwenye kina kifupi, na watu wake mwenyewe, waliovaa kama wa harusini, wakajaribu kukibana wakashindwa. Kwa mara ya kwanza tangu mji ule ujengwe, pande zote mbili za reli zilicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Masikio ya Povu yaliwaka moto ndani ya maji baridi. Kamba ilikuwa karibu, angeweza kunyoosha mkono tu akaishika, na mambo yakaisha. Aliwaza hivyo wakati mwili wake ukigeuka mara nyingine tena, na kila alipogeuka alimwona shangazi, na pembeni ya shangazi watoto wamepanga mstari, mmoja ameshaanza kuvua shati.

"Usisimame!" shangazi alipiga kelele. "We mtoto, zunguka! Zunguka mpaka ufike!"

Basi akazunguka. Kila baada ya mikono mitatu alipiga duara zima kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha, kisha akaendelea mbele. Vazi la mwavuli likashika hewa mgongoni likatuna. Alivuka hivyo mpaka kule, akageuka karibu na ukuta bila kuugusa, akarudi hivyo mpaka huku. Ilichukua muda mrefu. Mzee mmoja kwenye kiti cha turubai alisinzia, akaamka, akamkuta bado anazunguka, akaanza kumshangilia bila kujua.

Alipofika, Mama Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Huko si kuogelea. Huko ni kupotea njia."

Filimbi alijikuna shingo. "Hakugusa ukingo, Mama."

"Lakini alikuwa anageuka geuka!"

"Hakugusa chini. Hakushika kamba." Alionekana kuumia, kwa sababu hakupenda kubishana na mtu mwenye kofia. "Kanuni inasema aende na arudi. Haisemi njiani aangalie wapi. Na kikomo cha muda hatuna, tulikifuta mwaka ule alipopimwa mkwe wako."

Mama Mwenyekiti akaketi.

Likabaki la kumwokoa mtu. Kwa desturi ya bwawa, mtu alijifanya anazama, na mwokoaji akamtoa. Lakini nani angejifanya? Upande wa Juu haukuwa na mtu wa kumtoa akamatwe na dobi mbele za watu.  Ndipo Kinyozi akajitokeza, amevaa suti, akainyoosha tai.

"Nitazama mimi," alisema. "Kwa heshima na taadhima."

"Baba, acha," shangazi alimnong'oneza. "Goti."

"Dada yangu, mtu aliyevuka mto!"

Alielekezwa aingie kwenye kina kifupi, maji ya kiunoni, apige kelele kidogo. Sasa, kwenye kina kifupi walikuwa wanamtazama wateja wake wa kila siku. Wageni wa heshima walikuwa kule mwisho. Kinyozi akatembea mpaka kule mwisho, akawainamia wenye viti vya turubai, akaweka mkono mmoja kifuani, akaingia majini kama mtu anayeingia dukani.

Akatoweka.

Akaibuka, macho yamemtoka, mikono ikichapa maji, akatoweka tena. Watu wakampigia makofi.

"Anaigiza huyo!" mtu alisema.

"Tazama mikono! Kama kweli!"

Povu peke yake hakupiga makofi. Tangu amfahamu Kinyozi hakuwahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo. Akajitupa.

Alipomfikia, Kinyozi alimkumbatia shingoni kwa upendo ambao hakuwahi kuuonyesha kwa mke yeyote, na wote wawili wakaenda chini. Wakarudi juu. Povu akavuta pumzi, na katikati ya pumzi hiyo akasikia sauti aliyoisikia kila siku ya maisha yake.

"Usimkumbatie! Blanketi hilo! Mwanangu, unamfanyaje? Ni blanketi!"

Blanketi la sufu likilowa ni zito kuliko aliyejifunika, na likikutangulia kukushika linakuvuta nalo. Dobi halikumbatii. Dobi huzama, hulipita chini, hutokea nyuma yake, hulishika pindo, hulilaza chali, kisha huenda kinyumenyume. Povu akazama. Mikono ya Kinyozi ikabaki imekumbatia maji. Akatokea nyuma yake, akashika ukosi wa koti na fundo la tai kwa pamoja, akamlaza, na miguu ile ambayo hakuna aliyemfundisha, miguu iliyokanyaga mashuka ya hoteli nzima tangu utotoni, ikaanza kazi.

"Mkunje mkono huo!" shangazi alikuwa akikimbia ukingoni sambamba nao, viatu mkononi. "Hivyo hivyo! Usimkamue bado! Mfikishe kwanza!"

Kinyumenyume, Povu hakugeuka hata mara moja. Mwili haukuwa na desturi ya kugeuka ukiwa na mzigo. Alivuta moja kwa moja, mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia, na mawimbi ya miguu yake yakapanda ukingoni yakamwosha Mama Mwenyekiti pamoja na maua yake.

Kinyozi alilazwa kwenye vigae, akageuzwa, akakamuliwa. Alitoa maji mengi. Aliponyanyua kichwa, watu wote, wa huku na wa kule, walikuwa wamemzunguka, na hakuna aliyekuwa akicheka.

"Mto ule," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "ulikuwa na maji ya aina nyingine."

"Nyamaza, baba," shangazi alisema, na akamfunika taulo kwa upole ambao ulisemwa sana baadaye Upande wa Chini.

Filimbi alikuwa amepiga magoti pale vigaeni. Alikuwa amelowa hadi kiunoni. Naye alikuwa ameshaingia majini, akachelewa. Alimtazama Povu, ambaye alikuwa akihema kama mbwa, kishikizo cha mwavuli kimemning'inia.

"Sijawahi kuona mtu akiokolewa namna hiyo," alisema.

Povu akajifuta maji usoni. "Nimekosea?"

"Hapana. Umefaulu."

"Kamati itabidi ikae," alisema Mama Mwenyekiti, akikamua ukingo wa kofia.

"Kamati ilikwisha kukaa, Mama. Ilisema atakayefaulu, watoto wake waingie." Filimbi alisema hivyo kwa upole sana, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoweka miwani. "Niliyaandaa maji kwa ajili ya Jumatatu."

Mama Mwenyekiti aliyatazama maji. Labda alikuwa na hasira, labda alikuwa na huzuni tu. Alikuwa amejifunza kuogelea humo akiwa mdogo, na hakuna aliyemwambia kamwe kwamba kuna mtu alikuwa amesimama nje kwa vidole. Akachukua mkoba wake akaondoka. Alirudi wiki ya tatu, na kofia nyingine.

Jumatatu, Povu alipewa filimbi yake na kiti kirefu cha mbao chenye ngazi, kando ya kile cha Filimbi. Lango likafunguliwa. Watoto wa Upande wa Chini waliingia kwa kelele ambayo ilisikika mpaka stesheni, wamevaa kaptula za shule, magauni, chupi za kaka zao, mmoja amevaa ndoo kichwani kwa sababu ambazo hakuzieleza. Wote hawakujua kuogelea. Wote waliingia. Watoto weupe walikuwa wachache siku hiyo. Walikaa pembeni kwanza, wakitazama, kisha yule mwenye ndoo akaanza kumwagia kila mtu maji bila kuchagua, na mambo yakajipanga yenyewe.

"Hakuna kukimbia!" Povu alipiga kelele kutoka kule juu. "Wewe! Ndiyo wewe! Nikishuka hapo utanijua!" Akashika mdomo. Ilikuwa sauti ya shangazi kabisa, hata kule kutikisa kidole.

Jua likapanda. Kiti kilikuwa cha moto. Chini yake maji yalikuwa ya buluu, baridi, marefu kutoka ukuta hadi ukuta, na kadiri saa zilivyokwenda ndivyo alivyoelewa jambo ambalo katika mipango yake yote hakuwahi kulifikiria.

"Bwana," alimwita Filimbi. "Sisi tunaogelea saa ngapi?"

Filimbi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeketi miaka mingi juani. "Kanuni. Mwokoaji haachi kiti maadamu kuna mtoto majini."

"Kwa hiyo mpaka watoke."

"Mpaka watoke."

Povu akainama kuelekea maji. Chini yake msichana mdogo alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, amelowa hadi nyusi, meno yanamgongana kwa baridi, na anatabasamu.

"Mdogo wangu, hujachoka?"

"Sijachoka, dada."

"Midomo imekuwa ya kijivu. Hutaki kupumzika kidogo? Wote mpumzike kidogo?"

Yule msichana akafikiri, akawageukia wenzake, akarudisha uso.

"Mtafunga jioni?"

"Jioni tunafunga."

"Basi mpaka jioni."

Povu akaegemea kiti, mkavu kama ubao, filimbi mdomoni, akaanza upya kuhesabu vichwa.